Sahihi Niliyoitoa Bila Kusoma



Nilipokuwa katibu wa kikundi cha vijana wa parokia yetu hapa Kamina, mfanyabiashara mmoja alitaka kujenga duka kubwa kwenye kiwanja kilicho karibu na njia ya reli. Asubuhi mama zetu waliuza hapo unga wa muhogo na samaki wakavu kutoka Bukama. Jioni sisi tulicheza mpira. Mtu yule aliahidi kazi kwa vijana, akatuomba tukusanye sahihi za kuunga mkono mapatano ya kununua kiwanja hicho kwa mji. Nilizunguka siku mbili, nikarudi na majina zaidi ya themanini. La kwanza lilikuwa langu.

Mama mmoja muuza samaki, aliyenijua tangu utoto, alinishika mkono. “Mwanangu, karatasi hiyo inasema sisi tutakwenda wapi?”

Nilimjibu kwamba yote yamekwisha kupangwa. Nilisema uongo, kwa maana sikuwa nimeisoma.

Ukuta ulijengwa, duka halikujengwa. Mama zetu wakahamia nje ya ukuta, ukingoni mwa barabara, katika vumbi la malori. Yule mama hakunilaumu hata siku moja. Alipunguza bei kila niliponunua kwake, na hilo lilinichoma kuliko lawama.

Baadaye nilimwendea mwanasheria anifafanulie mambo haya. Nikafahamu kwamba hata neno “kununua” lilikuwa kosa. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali peke yake, wala haiuzwi. Kinachotolewa ni haki ya kuitumia. Raia Mkongomani aweza kuipata haki hiyo bila kikomo cha miaka. Kampuni huipata kwa muda usiozidi miaka 25, ingawa muda huo waweza kurefushwa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, yaagiza kwamba anayeondolewa katika mali yake kwa faida ya wote alipwe kwanza fidia ya haki. Lakini mama mwenye beseni la samaki hana hati yoyote mkononi. Ni vigumu fidia hiyo imfikie. Kwa sababu hiyo nafasi yake haina budi kuandikwa ndani ya mapatano kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.

Sisemi kwamba maduka makubwa ni mabaya. Huko Dar es Salaam, Mlimani City ilifunguliwa mwaka 2006 juu ya ardhi ya Chuo Kikuu. Chuo hakikuuza ardhi ile. Kilimkodisha mwekezaji kutoka Botswana, kwa makubaliano ya kupata sehemu ya mapato. Wengi wanapata riziki mahali pale. Hata hivyo, wabunge wa Tanzania walikuja kuyahoji masharti ya mkataba huo wakati maduka yalikuwa yamekwisha kujaa wateja. Ikiwa mkataba wa chuo chenye walimu wa sheria ulizua maswali, sembuse karatasi niliyoizungusha mimi bila kuifungua?

Sura ya 25 ya Kitabu cha Walawi inakataza kuiuza ardhi moja kwa moja, kwa kuwa mwenyewe ni Mungu. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi kanisani. Sikufikiri kwamba ilihusu kiwanja chetu cha mpira.

Kazi ni jambo jema, nanyi mnaihitaji. Ila mkiletewa karatasi, isomeni kwa sauti mbele ya wale watakaohamishwa. Asiyekubali isomwe hivyo, msimpe majina yenu.

Maswali ya kutafakari pamoja:
1. Katika mtaa wetu, ni ardhi gani inayotumiwa na wote, na nani hula kwa ajili yake?
2. Je, tumewahi kusema “yote yamepangwa” juu ya jambo tusilolijua?
3. Ni nani tunayepaswa kumrudia na kumwomba msamaha?