Njia Mbili, Daraja Moja

Wahenga walinena kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Methali hii nilifunzwa katika shule ya msingi huko Konoin, Bomet, na kwa miaka mingi niliamini kuwa mwenye njia moja ndiye mwenye busara. Imani hiyo ilitikisika usiku mmoja nilipoketi katika chumba cha mitambo mjini Kericho, nikingoja kujua iwapo sauti ya nyanya yangu ingepatikana tena.

Msomaji asistaajabu kumkuta mwanafunzi wa fasihi mahali kama hapo. Kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili nilirekodi masimulizi ya wachuma chai, yale yanayosimuliwa kwa Kiswahili kwa kuwa mashambani Mkipsigis, Mgusii na Mjaluo hukutana katika lugha hiyo. Miongoni mwa wasimulizi wangu alikuwamo Kogo, kama tunavyomwita nyanya kwetu, ambaye alifariki miezi mitatu baadaye. Kaka yangu, fundi katika shirika moja mjini humo, aliniombea ruhusa ya kuhifadhi rekodi hizo katika diski za shirika. Nami, kwa uzembe ambao hadi leo hunitia haya, sikubakiza nakala nyingine.

Jioni moja hifadhi ikatoweka. Diski zilikuwa nzima, na seva zilikuwa nzima, ila hazikuweza kuonana.

Kaka alinieleza kuwa katika ofisi kubwa diski hazikai ndani ya seva. Hutengwa katika kabati lao, na kati yao na seva huwekwa swichi zilizounganishwa kwa nyaya za faiba. Huo ndio mtandao wa hifadhi. Itifaki inayotumiwa sana humo huitwa Fibre Channel, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1994. Data husafiri kwa vifurushi viitwavyo fremu, na fremu moja haibebi zaidi ya baiti 2112 za mzigo.

“Lakini kaka, si ulisema kila seva ina njia mbili?” nilimuuliza.

“Zipo mbili, mdogo wangu. Tatizo ni kwamba zote zinavuka daraja moja.”

Hapo nilimwelewa. Kwetu kuna barabara mbili za murramu kutoka kituo cha kununulia majani hadi kiwandani. Moja hupita shuleni, nyingine sokoni, lakini zote hukutana kwenye daraja moja. Mwaka ambao mto ulilizoa daraja hilo, malori yalisimama pande zote, na majani mabichi yaliyorundikana yakashika joto na kugeuka mekundu. Mama alirudi nyumbani bila malipo ya kilo zile. Katika chumba kile, daraja lilikuwa swichi ya kati, na swichi ya kati ilikuwa imekufa.

Kaka hakutafuta swichi nyingine ya kuziba pengo. Aliigawa mitambo katika mitandao miwili isiyogusana kabisa, kila mmoja ukiwa na swichi zake na mlango wake wa kuingilia katika kabati la diski. Kisha akakagua njia ndani ya kila mtandao. Swichi zenyewe hukokotoa njia kwa kujumlisha gharama za viungo. Kwa kanuni ya asili ya itifaki hiyo, kiungo cha gigabiti 1 kwa sekunde huhesabiwa 1000, na cha gigabiti 4 huhesabiwa 250. Kwa hiyo safari ya viungo viwili vyenye kasi, yenye jumla ya 500, huishinda safari ya kiungo kimoja cha polepole. Dereva wa lori la majani analijua hilo: mvua ikinyesha, huiacha njia ya mkato yenye matope akazunguka kwenye lami.

Njia zikiwa na gharama sawa, mzigo hugawanywa. Hata hivyo, alizipanga swichi ili fremu za mazungumzo mamoja kati ya seva na diski zifuate njia moja, zisije zikapitana na kufika bila mpangilio. Mtu wa fasihi hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kisa kinachoanza kwa mwisho na kumalizikia katikati huwa kisa kingine.

Alfajiri rekodi zilionekana. Nilifungua ile ya Kogo, naye kaka akachomoa waya mmoja makusudi ili kupima kazi yake. Sauti ilisita, kama ambavyo Kogo mwenyewe alizoea kusita akitafuta neno, kisha ikaendelea. Kaka aligeuka akatazama ukutani. Nami sikusema kitu.

Baadaye nilimwomba aandike kumbukumbu ya kazi ile kwa Kiswahili. Alicheka, akasema maneno hayapo. Nilimkumbusha kuwa usiku kucha alikuwa amesema njia, kiungo, gharama, mlango, mzigo na daraja. Sisi wanachama wa vyama vya Kiswahili huunda istilahi kwa kuanzia orodha ya Kiingereza na kuitafutia visawe. Tukijivunia kamusi mbili zilizotokana na orodha ileile, tuna njia mbili na daraja moja. Naamini njia nyingine i wazi katika vinywa vya madereva, makarani wa vituo vya majani na mafundi, endapo tutakubali kwenda kuwasikiliza.

Kaka alinionya jambo moja kabla hatujaachana: wingi wa njia si wingi wa nakala. Diski zikiungua, njia mia hazikufikishi popote. Wiki hiyo nilinunua diski ndogo, nikanakili kila kitu, nikaipeleka Konoin. Imo katika sanduku la Mama, chini ya leso zake.