Kibao Kisichofutika

Kisanduku cha umeme kilichoundwa nyumbani humtegemea aliyekiunda. Yeye huzitambua swichi zake hata gizani: ile ya paneli za jua, ya betri na ya jenereta. Lakini aliye askari leo yumo Juba, kesho hutumwa mbali, na mkewe husalia mbele ya swichi tatu zinazofanana. Akikosea, mtambo huweza kuungua.

Karatasi ya kubandika haidumu. Jua hupausha wino na unyevu huibandua. Kilicho bora ni kipande cha aluminiamu. Kisuguliwe kwa msasa laini, herufi zichorwe kwa penseli, kisha zichimbwe kwa ncha ya chuma. Rangi nyeusi ya mafuta ipakwe, na ipanguswe kwa kitambaa kabla haijakauka. Itabaki ile iliyozama katika mifereji ya herufi. Kabla ya kukifunga kibao kwa skrubu, jenereta izimwe, na nyaya za paneli na za betri zifunguliwe.

Yaandikwe kwa lugha gani? Juba ina Kiingereza cha ofisini na Kiarabu cha Juba cha sokoni. Wapo pia waliorejea na Kiswahili kutoka ukimbizini Kenya na Uganda, baada ya mkataba wa amani wa 2005. Ichaguliwe lugha isomwayo na wanaobaki nyumbani. Asiyejua kusoma achorewe jua, betri na jenereta.

Kibao cha namna hiyo hujibu usiku wa manane, mwenye nyumba angali lindoni.