Kila Picha Ilikuwa ya Kweli

Mimi ni mzaliwa wa Mlimba, mtoto wa wakulima wa mpunga, na kazi yangu ni uandishi wa habari. Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya mwenzangu anayeshika kamera leo akiwa na njaa na matumaini kama niliyokuwa nayo mimi. Huenda wiki hii amepewa namba ya simu ya mtu maarufu asiyetaka kuonekana.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi Dar es Salaam, kwenye televisheni moja ya mtandaoni. Televisheni za namna hiyo zilikuwa zimezagaa mjini. Mwaka 2018 zikatakiwa kukata leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, lakini leseni haimfundishi mtu adabu. Mshahara wetu ulikuwa mdogo, na nyongeza ilitegemea idadi ya watazamaji. Ofisini tuliijua habari isiyomwangusha mwandishi: msanii aliyewika zamani, akapotea, sasa "tumemfuma". Unamkuta alipo, unaonesha sufuria na godoro lake, unaweka muziki wa huzuni, na mwisho unaweka namba ya kumchangia.

Kazi hiyo niliiweza, na niliamini natenda wema. Mtu maarufu aliyejifungia nilimhesabu kuwa ana deni kwetu. Sisi ndio tuliomfanya nyota, iweje leo atufungie mlango?

Mwaka 2019 mtu wa nyumbani alininong'oneza kuwa kuna mzee anaishi si mbali na reli ya TAZARA, upande wetu wa Mlimba, ambaye aliwahi kuwa mwimbaji wa bendi kubwa ya dansi. Jina lake silitaji, na la bendi pia, kwa sababu utakazoziona. Alikulia katika Morogoro ya Salim Abdallah na Cuban Marimba, ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, wakati kijana yeyote wa mkoa ule mwenye sauti aliota gitaa. Akaenda mjini, akaimba, akajulikana. Kisha akaacha muziki, akarudi kulima mpunga na kakao. Waandishi walikwisha kumfuata, na kila mmoja alirudi na salamu tu.

Mimi sikwenda kama mwandishi. Nilikwenda kama mtoto wa nyumbani. Nilimsalimu kwa heshima zote, nikamtajia mama yangu na ukoo wetu, nikamwambia nakusanya kumbukumbu za wazee wa Mlimba kwa ajili ya vijana. Kuhusu ukoo nilisema kweli tupu, na ndiyo iliyoupitisha uongo wa kumbukumbu.

Ulikuwa mwezi wa tano, mpunga umetoa masuke. Yeye na mkewe walikuwa shambani wakiamia ndege. Nilimkuta kwenye dungu: nguzo nne, sakafu ya fito, paa la nyasi, chandarua kilichofungwa fundo pale kilipotoboka, na chini yake mafiga matatu na sufuria nyeusi kwa moshi. Aliongea mchana kutwa. Katikati ya mazungumzo alikuwa akinyanyuka, anapiga debe, ndege wanaruka, anarudi kuketi. Hayo yote niliyapiga picha.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu, Bonde la Kilombero, hahitaji kuelezwa. Mashamba yetu yapo mbali, kule bondeni kwenye maji. Msimu ukifika familia nyingi huhamia huko hadi mavuno, kwa sababu ndege na nguruwe hawamsubiri mtu atoke kijijini asubuhi. Nyumba ya kijijini inafungwa, au inaachiwa watoto wanaosoma. Mimi mwenyewe nimelala dunguni utoto wangu wote, na sikuwahi kujiona fukara. Mzee yule alikuwa na nyumba kijijini, ya matofali ya kuchoma na bati. Naijua kwa sababu nilipita hapo asubuhi ile kuulizia alipo. Kamera nilikuwa nayo begani, na sikuiwasha.

Makala ilirushwa ikiwa na kichwa cha habari kinachosema kuwa aliyewatikisa watu Dar es Salaam sasa alala kibandani. Sauti ya msimulizi ilikuwa yangu. Nilisema amesahaulika. Nilisema taifa halina shukrani. Kila picha ilikuwa ya kweli, na kila neno alilolisema mzee lilikuwa lake. Watazamaji walikuja wengi kuliko makala yoyote niliyowahi kufanya, michango ikamiminika, na bosi wangu akanipongeza mbele ya wenzangu.

Mama alioneshwa na jirani kwenye simu. Akanipigia. Hakunigombeza, aliniuliza tu: "Mwanangu, lile si dungu la kuamia ndege? Kwa hiyo na sisi tulikuwa ombaomba?" Nilicheka, nikamwambia televisheni ina taratibu zake. Nilipokata simu nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa juu yake yeye. Ndivyo nilivyokuwa nimepofuka. Niliendelea na kazi ile ile, na wengine niliwafanyia vivyo hivyo.

Kilichonigeuza kilipitia mbali. Mei 2021 nilipewa kuandaa habari fupi ya ripoti ya Lord Dyson, jaji mstaafu wa Uingereza, kuhusu mahojiano ya mwandishi Martin Bashir na Princess Diana yaliyorushwa na BBC kwenye kipindi cha Panorama tarehe 20 Novemba 1995. Nilitaka kumaliza upesi nikale. Nikajikuta nasoma. Bashir alimwagiza mchoraji wa grafiki amtengenezee taarifa bandia za benki, akamwonesha kaka yake Diana, Charles Spencer, ili amwamini na amfikishe kwa dada yake. Mahojiano yakatazamwa na watu zaidi ya milioni 20 Uingereza peke yake. Baadaye Diana aliandika barua fupi kwamba hakushinikizwa na wala hajutii, na miaka mingi BBC waliitegemea barua hiyo. Dyson akasema wazi kuwa njia iliyotumika ilikuwa ya udanganyifu.

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa nikijitetea moyoni kwamba sikumwekea mzee neno mdomoni. Diana pia hakuna aliyemwekea neno mdomoni. Yote aliyosema yalikuwa yake, na bado mlango ulikuwa umefunguliwa kwa hati za kughushi.

Nikaendelea kutafuta, nikakuta ya Michael Jackson. Bashir huyo huyo aliingia nyumbani kwake, na filamu ikarushwa Uingereza tarehe 3 Februari 2003. Jackson naye alikuwa na mpiga picha wake aliyekuwa akirekodi pembeni. Ilipotolewa video ya mpiga picha huyo, watu walimsikia Bashir akimsifu Jackson uso kwa uso jinsi anavyolea watoto wake, wakati kwenye filamu sauti ya msimulizi inamlaumu kwa malezi hayo hayo. Sitetei yote ya Jackson, wala si kazi yangu hapa. Lakini nilijiona. Na mimi dunguni nilimwambia mzee, "Baba, mahali pazuri hapa, pana upepo," kisha mjini nikasema kwa sauti nzito kuwa analala kibandani.

Nilimwomba bosi tuiondoe makala. Akakataa, akasema ndiyo inayolipa kodi ya ofisi. Sikuondoka siku hiyo. Nilikuwa na kodi yangu pia, na nilikaa miezi nikiwa najua ninachojua. Nasema hili ili usidhani kwamba mtu akiona nuru anatembea papo hapo. Nilipoacha kazi hatimaye, makala ilikuwa imeshapakuliwa na wengine na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Hakuna wa kumwomba aifute yote.

Nilipanda treni kwenda Mlimba. Nilimkuta mzee nyumbani kwake, kwenye ile nyumba ya bati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mkewe akaleta wali na kambare. Nilishindwa kula kabla ya kusema, nikasema yote. Mzee alinisikiliza, kisha akanieleza yaliyowapata. Watoto wake walioko mjini waliulizwa makazini kwao kama wamemtupa baba yao. Michango ilipomfikia, aliirudisha kwenye namba zilizoituma, moja baada ya nyingine, na makato ya kutuma akalipa mwenyewe kwa pesa ya mpunga.

Nilimwomba anikubalie nifanye makala nyingine, nioneshe nyumba, nioneshe kakao, watu wajue ukweli. Akatikisa kichwa. "Utaonesha nyumba, watasema mzee anaringa. Mimi sikutaka kuoneshwa, mwanangu. Si kwa ubaya, si kwa uzuri. Kula, wali unapoa."

Maneno hayo yaliniingia kuliko karipio lolote. Hata toba yangu nilitaka kuifanya kwa kamera, mbele ya watazamaji. Alinisamehe, lakini hakunipa nafasi ya kujisafisha, na alikuwa na haki. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, nami niliisoma chuoni na nikafaulu mtihani wake. Niliielewa nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa mtu niliyemvunjia faragha hiyo.

Neema sikuitafuta, ilinifuata. Mwaka uliofuata akina mama wa kikundi cha ngoma ya sangula walitaka nyimbo zao zirekodiwe kabla wakongwe hawajaondoka. Wakamuuliza mzee nani anafaa. Waandishi wasio na doa wapo, naye akanitaja mimi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Wewe umekwisha kuona." Kazi hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye uandishi, na sikuistahili.

Sasa nafanya kazi polepole. Marehemu Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyefariki Aprili 2013, alifuatwa na mtengeneza filamu Andy Jones kwa miaka kabla ya filamu yao ya 2006 kutoka. Mimi nilidhani mtu anakwisha mchana mmoja. Sasa nikienda kwa mtu namwambia mimi ni nani, picha zitarushwa wapi na kwa nini. Tukimaliza naomba ruhusa upya, kwa sababu ile ya mwanzo aliitoa kabla hajajua atasema nini. Akikataa, nafuta.

Simaanishi kiongozi anayekula fedha za umma apewe pazia la kujificha. Maadili yetu yanakubali njia za siri pale penye maslahi makubwa ya umma na pasipo njia nyingine. Lakini mzee anayeamia ndege hana siri ya umma. Tulichotaka kwake ni machozi yetu tu.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama kwa swali lake, namshukuru mzee kwa wali. Nawe mwenzangu, kama una mahojiano ya namna hiyo kwenye kompyuta na bado hujayarusha, una nafuu ambayo mimi niliipoteza. Mpigie mhusika sasa. Msomee kichwa cha habari ulichokiandaa, neno kwa neno. Ukishindwa kukitamka akiwa anakusikia, usikirushe.