Mwanangu na Mpira wa Umbo la Yai

Mpenzi msomaji, ikiwa una kijana katika shule ya bweni, nakuomba unitegee sikio Jumapili hii kwa dakika chache. Sikuja kukusimulia hadithi ya kubuni. Nimekuja kukueleza jambo lililonifika mimi mwenyewe, fundi wa karakana katika Eneo la Viwanda la Nairobi, baba wa watoto watatu, ambaye kwa miaka mingi niliamini kwamba mchezo ni shughuli ya wasio na shughuli.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 kifungua mimba wangu aliingia Kidato cha Tatu. Jumapili moja ya mwezi wa Februari alinipigia kwa simu ya mwalimu wake wa darasa. Nilidhani anataka sabuni au kitabu. Lo! Kijana alikuwa anaomba viatu vya njumu na kilinda meno, kwani alikuwa amechaguliwa katika timu ya raga ya shule.

Nilimjibu kwa ukali. "Nimekupeleka huko kusoma au kupigana?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, njoo uone mechi moja tu. Ukisema niache, nitaacha."

Maneno hayo yalinishinda. Nilikwenda Gikomba, nikachambua marundo ya mitumba mpaka nikapata njumu za miguu yake, na Jumamosi iliyofuata nikapanda matatu kwenda kuuona huo mchezo.

Huenda nawe, msomaji, umezoea kandanda tu. Basi nikueleze kidogo. Raga huchezwa na watu 15 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji huuchukua mikononi na kukimbia nao, na wapinzani wanaruhusiwa kumkaba na kumwangusha. Akivuka mstari wa mwisho na kuugusisha chini, timu yake hupata pointi 5, na mkwaju wa kuongezea ukipita katikati ya milingoti huleta pointi 2 zaidi. Lakini kuna sharti moja lililonishangaza: hakuna ruhusa kumrushia mwenzako mpira kwa mkono aliye mbele yako. Ni lazima umrushie aliye nyuma. Hivyo basi, anayekimbia peke yake na kuwaacha wenzake mbali hujikuta hana wa kumpa, na huangushwa palepale.

Mchezo huu umezaliwa shuleni. Husimuliwa kwamba mwaka 1823, katika shule ya Rugby huko Uingereza, mwanafunzi aliyeitwa William Webb Ellis aliudaka mpira na kukimbia nao. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka hadithi hiyo, lakini ni kweli kwamba mwaka 1845 wanafunzi wa shule hiyo ndio walioandika kanuni zake za kwanza. Kwetu Kenya uliletwa na walowezi, nao ukalelewa katika shule zao, kama ile ya Prince of Wales iliyofunguliwa mwaka 1931 na ile ya Duke of York ya mwaka 1949. Mtoto wa Mwafrika hakuwa na nafasi humo wakati huo. Leo shule hizo ni Nairobi School na Lenana School, na vijana wa Kakamega, Kisumu na Nakuru huucheza mchezo huo kama kwamba ulizaliwa katika vijiji vyao. Na pale Kenya ilipoishinda Fiji kwa pointi 30 kwa 7 katika fainali ya wachezaji saba kila upande huko Singapore mwezi wa Aprili 2016, hata sisi tusiozijua kanuni tulishangilia mbele ya televisheni.

Turudi kwenye ile Jumamosi. Timu ya mwanangu ilishindwa, tena vibaya. Lakini kilichonivutia hakikuwa uwanjani peke yake. Shule nzima ilikuwa kando ya mstari. Vijana wa Kidato cha Kwanza, ambao hawakuwa wametimiza hata miezi miwili pale, waliimba nyimbo za shule kwa sauti kubwa kuliko wakubwa wao. Wapishi walikuwa wameacha sufuria zao. Mlinzi wa lango alikuwa amegeuza kiti chake kitazame uwanja, na sidhani kama alijua nani alikuwa akiingia au kutoka.

Mwalimu mlezi wa timu aliniambia kwamba zipo sheria mbili zisizovunjwa. Mchezaji ambaye alama zake zinashuka hukaa nje mpaka azipandishe, na anayemwonea mwanafunzi mdogo bwenini huvuliwa jezi. Nilimtazama mwanangu, yule asiyewahi kuosha kikombe nyumbani, akikusanya chupa za maji na kuwabebea wenzake mikoba. Sikumwambia aache. Ama kweli, mtu hujifunza hata uzeeni.

Tangu siku hiyo Jumamosi zangu zilibadilika. Timu ilianza kushinda. Ilipita kaunti ndogo, ikaingia mashindano ya kaunti. Mwanangu alivaa jezi nambari 7, na kazi yake ilikuwa kukaba. Pale karakanani wenzangu waliacha kuniita kwa jina langu, wakawa wananiita Baba Nambari Saba. Tulipofika nusu fainali, watu sita tulichanga nauli ili twende pamoja kuishuhudia fainali, na msimamizi wetu aliturubuniwa kwa maneno mazuri hadi akakubali tutoke mapema.

Sasa, msomaji, nafika pale ninapoona haya kusimulia, lakini ndipo penye faida yako.

Nusu fainali ile sikuihudhuria, kwani nilikuwa na zamu. Jioni yake muuguzi wa shule alinipigia simu. "Mzee," alisema, "kijana wako aligongwa kichwani katika kipindi cha pili. Hakuzirai, aliendelea kucheza. Lakini hapa ameniuliza mara tatu tumeshinda kwa ngapi, na kila nikimjibu anasahau. Anasema taa inamuumiza macho. Huo ni mtikisiko wa ubongo. Mpeleke kwa daktari, na Jumamosi asicheze."

Nilishtuka, nikaomba ruhusa kazini, nikamchukua kwenda hospitali. Daktari alimpima, akasema hakuona damu wala mfupa uliovunjika, ila apumzike, na asirudi uwanjani mpaka apone na kupimwa tena. Lakini siku ya Jumanne simu zilianza. Mwalimu mmoja wa timu aliniambia, "Mzee, kijana anasema hana maumivu. Akiamka vizuri Ijumaa, turuhusu tumpange." Naye mwanangu akaichukua simu. "Baba, nimepona. Kichwa hakiumi kabisa. Usiniangushe."

Je, msomaji, unadhani nilijibu nini? Nilijibu, "Nitafikiri."

Neno hilo linanisuta hadi leo. Kwa siku mbili nilifikiri, na sikukifikiria kichwa cha mwanangu. Nilifikiria ile nauli tuliyochanga. Nilifikiria nitawaambia nini wenzangu. Nilimwona yule Nambari Saba akinyanyuliwa mabegani nami nikionyeshwa kwa kidole kuwa ndiye babake. Mzazi niliyekuwa nikiuchukia mchezo mwezi wa Februari, mwezi wa Machi nilikuwa tayari kumtoa mwanangu kafara kwa ajili yake.

Aliyeniokoa ni mama watoto. Alhamisi usiku alinikuta nimekaa kimya, akaniuliza, "Huko karakanani kwenu, mashine ikitoa mlio msioujua, mnafanyaje?"

"Tunaizima," nilimjibu.

"Hata kama kuna kazi ya haraka?"

"Hata kama kuna kazi ya haraka. Ukiiacha iendelee, itakufa kabisa, au itaua mtu."

"Basi," alisema, "mashine ya chuma mnaizima, kichwa cha mwanangu mnataka kiendelee kuzunguka?"

Sikuwa na jibu. Nilimpigia mwalimu usiku uleule nikamwambia hapana.

Nilivyokuja kueleweshwa baadaye na yule daktari, mke wangu alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Ubongo uliotikiswa haupigi kelele. Si lazima mtu azirai. Dalili zaweza kuwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau, kuuliza jambo lilelile, kuukimbia mwanga, au usingizi usio wa kawaida. Akipigwa tena kabla hajapona, ubongo waweza kuvimba ghafla, na vijana wamekufa kwa namna hiyo. Ndiyo maana kanuni za raga zenyewe zinaamuru kwamba mchezaji anayeshukiwa tu kupata mtikisiko atolewe mara moja, asirudi tena siku hiyo, na kurejea kwake baadaye kuwe kwa hatua, chini ya uangalizi. Hivyo lawama si ya mchezo. Lawama ni yetu sisi tunaozijua kanuni tukazipuuza kwa tamaa ya kombe.

Siku ya fainali mwanangu alikaa kando yangu kwenye nyasi, amevaa sweta ya shule, hanisemeshi. Wenzangu watano walikuwa nyuma yetu, nao hawakuimba. Timu yetu iligusisha mara mbili bila kupata mkwaju hata mmoja, wapinzani wakawa mbele kwa pointi 17 kwa 10. Dakika ya mwisho kabisa vijana wetu waligusisha kwenye kona, ikawa 15. Mkwaju ukiingia, tuko sare. Mpiga mkwaju, kijana mwembamba wa Kidato cha Nne, aliuweka mpira chini, akarudi nyuma, akapiga. Mpira uligonga mlingoti, ukarudi uwanjani. Refa akapuliza kipenga.

Uwanja ulikuwa kimya. Yule kijana alipiga magoti, akafunika uso. Ndipo mpishi mmoja wa shule, mama wa makamo aliyekuja na lori lililobeba uji, alipoanza kuimba wimbo wa shule peke yake. Kidato cha Kwanza wakaudaka. Kisha shule nzima. Waliimba mpaka kijana akainuka, na wenzake wakamzunguka wakaondoka naye. Baadaye niliambiwa kwamba Jumatatu, kwenye mkutano wa asubuhi, mwalimu mkuu alimwita mbele. Naye alijua anaitwa kuaibishwa. Kumbe alikabidhiwa bendera ya taifa aipandishe. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na siku hiyo shule ilimfundisha kwa vitendo.

Tukiwa njiani mwanangu alifungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Kama ningekuwa uwanjani, Baba, yule winga wao asingepita." Huenda alisema kweli. Sikumjibu. Ilipita karibu miezi miwili kabla hajaacha kunijibu kwa neno mojamoja.

Mwaka 2020 akiwa Kidato cha Nne alichaguliwa nahodha. Nilikwenda kumwona mwishoni mwa mwezi wa Februari. Katika kipindi cha kwanza mchezaji wetu mmoja, mkimbiaji hodari kuliko wote, aligongana vichwa na mpinzani. Aliinuka, akapepesuka hatua mbili, akainua kidole gumba kuonyesha yuko salama. Mwalimu alipiga makofi. Watazamaji wakapiga makofi. Mwanangu ndiye aliyekwenda kwa refa akamwomba asimamishe mchezo, kisha akamshika mwenzake mkono na kumwambia, "Toka, ndugu yangu. Najua unavyosikia. Nami nilisema uongo." Yule kijana alimtukana. Mwanangu hakumwachia mkono mpaka alipomfikisha kwa muuguzi. Mechi tuliipoteza.

Nilisimama mahali nilipokuwa, msomaji, na nakiri kwamba machozi yalinitoka. Nilikuwa nimepata jibu langu bila kuliuliza.

Msimu ule haukufika mwisho. Tarehe 15 Machi 2020 serikali ilitangaza kufungwa kwa shule zote kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Nahodha wangu alirudi nyumbani na sanduku lake, na fainali aliyoingoja mwaka mzima haikuchezwa kamwe. Watahiniwa walirejea madarasani mwezi wa Oktoba, na mtihani wao wa mwisho wakaufanya mwezi wa Machi na Aprili 2021. Raga hapo ilikuwa imekwisha kwake. Alifaulu kwa kiasi, si kwa ajabu. Zile njumu za Gikomba alimwachia kijana wa kidato cha chini.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, mtoto wako akiomba kuingia katika timu, usimkatalie kwa hasira kama nilivyotaka mimi. Nenda ukatazame. Muulize mwalimu zipo sheria gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kusema mchezaji atoke. Ukiambiwa ni muuguzi, shukuru. Ukiambiwa hakuna, sema. Na ukishaanza kuitwa kwa nambari ya jezi ya mwanao, jichunge sana, kwani hapo ndipo sifa inapoanza kuwa yako na maumivu kubaki yake.

Jezi nambari 7 wachezaji waliruhusiwa kuinunua walipomaliza shule. Mama yake aliifua akaikunja, nayo imo kabatini kwetu hadi leo. Kombe hatuna. Mtoto tunaye.