Tume Ikija, Utasema?

Mpenzi msomaji, je, mtoto wako amewahi kukuuliza swali ukatamani ardhi ipasuke ikumeze? Mimi yalinipata Jumapili iliyopita, tukinywa chai nyumbani hapa Eldoret.

Binti yangu, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa amepewa kazi ya kuandika kuhusu tume za uchunguzi. Akaniuliza, "Baba, wewe ulikuwa hapa mwaka wa 2008. Uliiambia nini Tume ya Waki?"

Chai ilinikwama kooni. Sikuiambia neno.

Wazee wenzangu mnakumbuka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mji wetu uliwaka. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa nje ya mji lilitiwa moto huku akina mama na watoto wakiwa wamekimbilia humo. Siku hizo hizo jirani yangu, muuza mandazi, alipigwa risasi ya paja akiwa mlangoni pake. Nilimwona akianguka. Niliona pia risasi ilitoka upande gani. Tulimpakia katika mkokoteni tukamkimbiza hospitalini. Alipona, lakini mguu haukurudi kama zamani.

Tume ya Jaji Philip Waki ilipofika Eldoret mwaka huo, jirani alinijia. "Twende tukaseme," akaniambia. Mke wangu naye akanisihi, "Baba watoto, usijitafutie balaa." Nikamwambia jirani nina kazi. Ulikuwa uongo.

Alikwenda peke yake na mkongojo wake kuandikisha taarifa. Jioni akaniambia, "Waliniuliza ni nani aliyeona. Nikasema sijui." Alinificha, msomaji! Aliyeumia ndiye aliyemkinga mzima.

Ripoti ilitoka Oktoba 2008. Ilisema watu 1,133 walikufa nchini, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Iliwalaumu polisi kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Lakini ripoti si hukumu. Hukumu hutaka shahidi na upelelezi. Aprili 2009, Jaji David Maraga aliwaachilia washtakiwa wanne wa kesi ya Kiambaa, akikosoa vikali upelelezi wa polisi.

Sisemi makosa yote ni ya raia. Serikali zetu nazo hupenda kukalia ripoti. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila, ilimaliza kazi 1999. Wananchi waliiona ripoti yake 2002! Hata hivyo, si kila jasho huenda bure. Tume ya Waki ilitaka kiundwe chombo huru cha kuchunguza malalamiko dhidi ya polisi, na mwaka wa 2011 sheria ya kuunda IPOA ikapitishwa. Kazi hiyo ilitokana na watu kama jirani yangu, waliokwenda kusema.

Basi nilimweleza binti yangu ukweli wote, kisha nikampeleka kwa mzee huyo. Nilimwomba radhi mbele ya mtoto. Alicheka kidogo, akasema, "Jirani, hata mimi nilikuwa naogopa." Kisha akatufungia mandazi.

Nawe msomaji, ukiona maovu, andika tarehe, saa, mahali na nambari ya gari jioni hiyo hiyo kabla hujasahau. Ukipiga ripoti kituoni, usiondoke bila nambari ya OB. Ukihofia kituo hicho, peleka malalamiko yako kwa IPOA. Na ukiogopa kwenda peke yako, tafuta mwenzako mwende wawili.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Tume ikija tena, binti yangu atataka kujua kama nilikwenda. Wako je, utamjibu nini?