Tatu, Tatu, Nne

Kila baada ya miezi minne nakaa kwenye kile kiti, naachama, na daktari anazungusha kijiti chake cha chuma pembeni ya jino langu la kupandikiza huku akimtajia nesi: "Tatu. Tatu. Nne." Ni milimita za mfuko ulio kati ya fizi na skrubu inayolishikilia jino hilo. Kabla ya upasuaji zilikuwa nane, na kijiti kilitoka na usaha.

Sikuwa nimeumwa hata siku moja. Nilijua tu kwamba Brånemark wa Uswidi aligundua titaniamu hugandana na mfupa, na kwamba mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, alipandikizwa mwaka 1965 akafariki 2006 meno yale yakiwa bado kinywani. Nikajiambia: jino lisilooza halihitaji kutunzwa. Kumbe ukoga hauchagui; fizi huvimba, na mfupa ulioishika skrubu huliwa kimyakimya.

Walinipiga ganzi, wakafungua fizi, wakakwangua nyama mbovu, wakasugua skrubu kwa maji ya chumvi, wakashona. Mfupa ulioliwa haukurudi. Fizi ilishuka, ukaonekana mstari wa kijivu wa chuma, nikawa nacheka huku nimefunika mdomo kwa mtandio. Daktari akaniambia, "Mama, hapo ndipo brashi inapopita sasa." Fizi ilishushwa makusudi, uchafu usipate pa kujificha.

Neno hilo nimetembea nalo. Kwetu ugomvi wa shamba la marehemu baba tuliufunika miaka tisa, kwa kuwa hakuna aliyepiga kelele. Tulipoufukua, udugu haukurudi ulivyokuwa. Lakini kaka hunipigia kila Jumapili, na jambo likichoma tunalisema siku hiyohiyo.

Sikuahidiwa kupona moja kwa moja. Wengi ugonjwa huwarudia miaka michache baada ya kisu, hasa wavutaji sigara, na wale ambao mfupa ulishaliwa sana. Skrubu zenye uso wa kukwaruza, kama yangu, ni ngumu kusafisha kuliko laini.

Mwezi uliopita namba moja ilipanda: tano, na tone la damu. Daktari alisafisha, akanichagulia brashi nene zaidi ya kupitisha katikati ya meno, akaandika kwenye kadi: miezi mitatu.