Karatasi za Kufungia

Maandishi hayanipiti. Mfuko wa saruji, kibiriti, maelezo ya dawa yaliyokunjwa ndani ya boksi, tangazo la mganga kwenye nguzo ya umeme: vyote navisoma mpaka neno la mwisho. Nikikuta yamegeuzwa juu chini, nainamisha shingo. Nyumbani wamezoea kunisubiri mlangoni mwa duka nikimaliza kusoma gunia la unga. Najua tabia hii ilikotoka, na siku hizi naifikiria sana kwa sababu kilichoilea kimetoweka.

Nilikulia Iringa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na nchi haikuwa na fedha za kigeni. Sabuni na sukari tulizipangia foleni, na daftari lilitumika mpaka kwenye jalada. Vitabu vya hadithi tuliviona kabatini kwa mwalimu mkuu. Lakini gazeti halikutupwa. Aliyelinunua akishalisoma, liliuzwa kwa kilo kwa mwenye duka, muuza karanga na mwenye bucha, na huko ndiko lilikotufikia sisi watoto. Sukari robo ilifungwa kwenye Uhuru. Karanga zilikuja kwenye kipande cha Mzalendo kilichosokotwa. Nyama ilivishwa Daily News, na maneno yangu ya mwanzo ya Kiingereza niliyapata hapo, yakiwa na damu pembeni, kabla mwalimu hajayaandika ubaoni. Siku nyingine muuzaji alichana daftari la mwanafunzi nisiyemjua, nami nikakaa kuzipitia hesabu zake na wino mwekundu wa mwalimu, nikimwonea huruma kila alipokosa.

Aliyenifanya nizichukulie karatasi zile kwa uzito ni bibi yangu, mzaa mama. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya kisomo ya miaka ya 1970, Serikali ilipoamua kila mtu ajue kusoma na kuandika. Vitabu vyao vilifundisha herufi huku vikifundisha kilimo, na alipovimaliza hakukuwa na kingine cha kusoma kijijini isipokuwa kilichofungia vitu. Basi alikula kitumbua chake taratibu, akainyoosha karatasi kwa kiganja juu ya paja, akasoma kwa sauti, silabi moja moja. Penye mafuta aliniita. “Mjukuu wangu, hebu nisomee hapa palipofutika.” Katika nyumba yake karatasi haikuwashiwa moto kabla haijasomwa. Sijakutana na msomaji aliyemzidi kwa heshima ya maandishi, na nimekutana na maprofesa.

Karatasi hizo hazikuwa na mwanzo wala mwisho. Hotuba ya kiongozi ilianzia katikati ya sentensi. Mechi ya Simba na Yanga ilikatika kabla ya mapumziko, na matokeo yalikuwa yamekwenda na karanga za mtu mwingine. Tulichofanya ni kumalizia wenyewe. Mimi nilitoa mwisho wangu, binamu yangu akatoa wake, tukabishana mpaka taa ya chemli ikazimwa.

Karatasi zilibadilika nchi ilipobadilika. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yakafumuka, na ghafla maandazi yakaja na katuni, hadithi za mapenzi za kusisimua na wanasiasa waliotukanana hadharani. Kwa mtu aliyezoea hotuba, ilikuwa raha kubwa. Kisha ikaja mifuko ya plastiki, ile ya rambo. Ilikuwa myepesi, haikuloa, na haikuwa na la kusoma. Ilining’inia kwenye miiba na kuziba mitaro, na Tanzania Bara ilipoipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019 nilifurahi kuliko wengi, maana nilijua karatasi itarudi.

Imerudi, lakini ya kaki. Mufindi, si mbali na nilikozaliwa, kipo kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichofunguliwa mwaka 1985 ili kutumia misonobari ya Sao Hill. Tulipokuwa watoto tulikisubiri kituletee daftari. Leo kinajulikana kwa karatasi ngumu ya kaki, ile ya mifuko. Kwa usafi wa chakula ni bora kuliko wino wa gazeti, sina ubishi. Nimemuuliza mama muuza vitumbua wa mtaani kwetu kwa nini hatumii tena magazeti, akanijibu, “Kaka, magazeti yenyewe nani ananunua siku hizi?”

Habari sasa zimo kwenye simu. Nazisoma humo kama kila mtu, lakini simu imenisoma kwanza: nikifungua habari moja ya mpira, asubuhi inanipangia kumi. Muuza karanga hakujua ninapenda nini. Ndiyo maana nilijua bei ya kahawa, sheria za ndondi na tanzia za watu wa Bukoba.

Tabia ya kumalizia mwenyewe haijaniacha. Nikisoma riwaya nasimama kabla ya sura ya mwisho, nakaa siku mbili tatu nikitunga mwisho wangu. Nimefanya hivyo majuzi kwa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 2022. Yusuf, kijana aliyetolewa na baba yake kwa tajiri kwa sababu ya deni, mimi nilimrudisha kwao, mama akampokea. Gurnah hakumrudisha. Nilikasirika usiku mzima, kisha nikakubali kwamba yeye amesema kweli.

Na Nagona, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1990, ambayo wenzangu wengi waliozoea Rosa Mistika yake waliitupa wakisema haieleweki, mimi imenikaa vizuri. Matukio yake yanakatika na kuungana pasipotarajiwa. Mtu aliyelelewa na vipande hatishwi na hayo.

Nagona hiyo sikuichagua. Nimempata muuza vitabu vilivyotumika, hutandaza chini katikati ya Dar es Salaam, nami humlipa na kumwambia anipe anachotaka yeye. Mwanzoni alidhani namtega. Sasa ananiwekea. Mara ya mwisho amenipa kitabu cha ufugaji nyuki kisicho na jalada, na nimeshajua kwamba chakula kikipungua nyuki vibarua huwafukuza madume mzingani. Nimefika kwenye kuhamisha kundi kutoka mzinga wa gogo kwenda wa kisasa, na palipoelezwa namna ya kumtambua malkia pamechanika. Jumamosi nakwenda Kisarawe kwa binamu yangu, yule yule wa kubishana, ana mizinga sita na nina maswali.